Jina Lisilo na Mzazi

Sitaitaja nchi iliyoingia vitani, wala jina la mtu yeyote katika habari hii. Waliosoma kule pamoja na binti ninayemzungumzia wangemtambua mara moja, na mimi nimeshaharibu ya kutosha. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya mbali, ina vyuo vya udaktari vinavyopokea vijana wetu, na vita vilianza Jumamosi moja asubuhi watu wakiwa wanakunywa chai.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha ualimu. Nilikuwa katibu wa mbunge mmoja wa mkoa wetu wa Simiyu, kazi ambayo ukiisikia inavutia, lakini ukiifanya unakuta ni kupokea simu za misiba, kutafuta vitanda vya hospitali na kuwaeleza watu kwa nini barabara yao haijachongwa. Ofisi ilikuwa Bariadi mjini, chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge. Watu wote waliniita Mwalimu, hata mbunge mwenyewe, na sitadanganya, nilikuwa napenda.

Siku ya pili ya vita, wabunge wa mkoa walikubaliana kwamba orodha ya watoto wetu walioko kule iwe moja, ikusanywe Bariadi, na mzigo nikabebeshwa mimi. Tulitangaza redioni. Jumatatu asubuhi benchi la nje lilikuwa limejaa. Wa kwanza alikuwa muuza vipuri vya pikipiki wa pale sokoni, bado amevaa kanzu aliyoswalia alfajiri, amekuja na nakala ya pasipoti ya mwanawe aliyoitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Fomu ilikuwa rahisi: jina la mwanafunzi, chuo anachosoma, jina la mzazi, saini au dole gumba.

Saa nne hivi akaingia mama mmoja kutoka Nkoma. Nilimfahamu kabla hajafungua mdomo, nikaacha kuandika.

"Mwangaluka, Mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu kiti."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Nikamwuliza jina la mwanafunzi. Akageuka kutazama benchi. Mlango ulikuwa wazi na watu wote wamenyamaza, maana kila mmoja alitaka kujua nani mwingine ana mtoto kule. Akanigeukia tena, akanitazama machoni, akanitajia jina la nyumbani, lile alilompa binti yake alipomzaa.

Nikaliandika. Niliandika kwa herufi kubwa, safi, huku najua kabisa kwamba jina hilo halipo kwenye karatasi yoyote ya chuo chochote. Binti yule aliliacha alipomaliza darasa la saba, akaingia sekondari na jina la msichana mwingine. Nilijua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemvua moja nikamvika jingine.

Wasiokulia vijijini kwetu watashangaa, lakini waliokulia wanajua ninachosema. Mtoto anachaguliwa kwenda sekondari, wazazi hawataki aende. Mwingine anakaribia kufa kwa kutaka, lakini hakuchaguliwa. Nafasi iko pale, fomu iko mezani kwa mwalimu. Mwalimu anamwita mzazi wa huyo wa pili, anamkabidhi fomu, na kuanzia siku hiyo mtoto anaitikia jina jipya. Tulikuwa tunasema amerithi jina, kana kwamba mwenyewe amekufa. Wako watu wazima na heshima zao, wana vyeti ukutani, ambao mama zao wakiwaita unasikia jina ambalo hulijui.

Nilikuwa nafundisha darasa la saba katika shule moja upande wa Nkoma. Mwaka huo nilikuwa na wasichana wawili waliokuwa wanakaa dawati moja. Mmoja alichaguliwa. Wa pili alikosa kwa kidogo mno. Baba wa aliyechaguliwa alikuwa mfugaji, malisho yamemwishia, anahamisha ng'ombe kwenda Bukundi kule Meatu, na binti alikuwa ameshaposwa huko huko ingawa kwa umri alikuwa bado mtoto. Alikuja shuleni mapema, matokeo hayajabandikwa, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba binti yake haendi. Nilibishana naye kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alipoondoka nilimtuma mtu amwite mama wa yule wa pili. Sikupokea hata yai. Nilifanya bure, na nadhani ndiyo maana miaka yote ile nilijiona mtu mwema.

Basi yule mama alipotaja jina la nyumbani mbele ya benchi zima, nilimwelewa. Aliogopa kwamba akilitaja lile la kwenye vyeti, mtu atauliza kwa nini ukoo wa jina haufanani na ukoo wa mama, na mtoto atafutiwa udaktari wake. Aliniangalia akiniachia mimi nilimalize. Nami nikajisemea kwamba nitarekebisha nikiwa peke yangu. Lakini kila nikichukua peni niliona ile fomu ya sekondari yenye saini yangu chini, niliona polisi, niliona watu wa Bariadi wakisema kumbe Mwalimu mwenyewe ni wa kughushi. Orodha ikaenda Dodoma kama ilivyo, na mimi nikaenda nayo.

Jumanne wanadiplomasia wetu waliitwa kuwaeleza wabunge hali ilivyo. Sisi makatibu tuliruhusiwa kukaa ukutani, nyuma ya mabosi wetu, tumepakata mikoba yao. Kulikuwa na maji ya chupa, sambusa za baridi, na mashine ya kuonyeshea picha ukutani ambayo ilikataa kuwaka mpaka fundi akaitwa. Ramani ilipotokea hatimaye, ilikuwa na mishale myekundu.

Aliyezungumza alikuwa balozi mmoja mzee, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi. Alisema hali ni tete lakini wanaifuatilia kwa karibu. Alisema pande mbili zimekubaliana kusimamisha risasi kwa saa chache kesho yake alfajiri, na mabasi yataingia. Halafu akaeleza jambo ambalo ndilo lililoniletea jasho. Wanafunzi wengi hawakuwa na pasipoti mkononi, kwa sababu chuo kilikuwa kimezikusanya kwenda kuongezewa muda wa ukaazi, na ofisi kilikozipeleka ilikuwa imeungua. Hao wangepewa hati ya dharura ya kusafiria. Hati ingetolewa kwa kila ambaye familia nyumbani imemtambua, maana katika vurugu kama hizo watu wa kila taifa wanakimbilia basi lolote lenye injini.

Wabunge wakauliza maswali. Mmoja alitumia dakika nzima kushukuru kabla hajauliza chochote. Mwingine alitaka kujua vita hivyo vitaifanya nini bei ya pamba, na balozi akajibu kwa upole kwamba hilo si eneo lake. Nilimcheka moyoni yule wa pamba, kana kwamba mimi nilikuwa na la maana zaidi kichwani. Nilikuwa nahesabu vigae vya dari.

Kisha akasimama afisa mmoja wa kike, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ndiye aliyeshika orodha. Akaenda mkoa kwa mkoa. Alipofika kwetu akasema majina ya Simiyu yameoana vizuri na ya chuoni, isipokuwa mawili.

"Kuna msichana yuko mwaka wa nne," alisema, "yupo kwenye orodha ya chuo, anasema kwao ni Simiyu, lakini hakuna familia iliyoleta jina lake. Halafu kuna jina la msichana mwingine familia imelileta, lakini kule chuoni hawamjui. Kuna anayeweza kutusaidia hapa?"

Mbunge wangu aligeuza kiti. "Mwalimu, hili likoje?"

Chumba kizima kilinitazama. Ilikuwa sentensi moja tu. Ni mtu mmoja huyo, Mheshimiwa, majina ni mawili. Ilikuwa mdomoni kabisa, naweza hata kuapa kwamba niliuonja utamu wa kuitoa. Nikasema, "Nitalifuatilia, Mheshimiwa."

Afisa akaweka alama kwenye karatasi yake akaendelea na mkoa unaofuata.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala yoyote. Nitalifuatilia. Ni neno la ofisini, halina damu, nilikuwa nimelitumia kwa barabara na visima mpaka likazoea kinywa. Siku ile nililitumia kwa mtoto wa mtu. Na hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenitisha, hata sauti haikutetemeka.

Jumatano alfajiri mabasi yaliingia yakatoka. Mimi nilikuwa kwenye nyumba ya wageni Dodoma nanyoosha gauni kwa pasi simu ilipoita. Alikuwa mama wa Nkoma.

"Mwalimu, mtoto kanitumia sauti. Mtandao ulirudi kidogo."

"Anasemaje, mayu?"

Alinirushia ile sauti niisikilize mwenyewe. Binti alikuwa anazungumza haraka haraka kwa Kisukuma, nyuma yake kuna watu wengi. Alisema wenzake wameondoka. Alisema wamemwambia ashuke kwenye basi kwa sababu nyumbani hakuna anayemtambua. Akamwuliza mama yake, bila kulia, mmenikataa?

Niliweka pasi chini ikaunguza gauni. Nilikaa kitandani nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kulia, maana machozi hayakuwa yanamsaidia mtu isipokuwa mimi. Nilivaa nguo ya jana nikaenda kumsubiri yule afisa kwenye korido.

Alitoka saa sita mchana akiwa na simu mbili. Nikamshika mkono, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: mabinti wawili, fomu, jina. Nilikuwa nimejiandaa kuonyeshwa mlango wa polisi. Yeye alinisikiliza huku anafunga vifungo vya koti.

"Mama," alisema, "orodha yangu ina wengine watatu wa namna hiyo hiyo. Wabunge wao walininong'oneza tu jana, nikaandika mstari mmoja pembeni, leo watoto wako mpakani. Ungenigusa bega."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Nikamwuliza sasa inakuwaje. Akasema kuna msafara mwingine Ijumaa asubuhi, wa mwisho wanaoweza kuuahidi, lakini wanajeshi wa kule wamebana zaidi na mstari wa pembeni hautoshi tena. Alitaka barua mbili, zipigwe picha zitumwe kabla ya Alhamisi jioni. Ya kwanza ya mama mzazi, kupitia kwa mtendaji wa kijiji, aeleze kwamba mtoto ni wake na jina limebadilika. Ya pili ya mwenye jina.

"Yupo hai?" akauliza.

"Yupo. Ameolewa Bukundi."

"Basi aandike kwamba yupo, anajua jina lake linatumika, na hana pingamizi. Akiwa na pingamizi, niambie mapema, nimpe kiti mtu mwingine."

Mama wa Nkoma alikwenda kwa mtendaji mchana ule ule. Mbunge nilimweleza jioni. Akasema Mwalimu, Mwalimu, akanipa gari na dereva. Alhamisi kulipopambazuka tulikuwa tumeshaipita Singida, tunaelekea daraja la Sibiti tuingilie Meatu.

Njia nzima dereva aliweka nyimbo za injili na mimi nilitazama nje. Kuna jambo sikumweleza yule afisa, wala mbunge, wala mama wa Nkoma. Wote waliamini kwamba mwenye jina alijua. Waliamini ni mambo ya familia mbili kukubaliana. Hakujua. Siku ile baba yake alipokuja shuleni aliniomba jambo la pili: nisimwambie binti kwamba amechaguliwa, kwa sababu akijua atamsumbua. Nami nikakubali. Matokeo niliyabandika ndani ya ofisi badala ya mlangoni. Siku mbili baadaye binti alikuja kuniuliza, amesimama kwenye kizingiti, miguu imejaa vumbi la kutoka malishoni, na nikamjibu nikimtazama usoni kwamba hakuchaguliwa. Nikamwambia asijali. Akasema asante Mwalimu.

Kwa hiyo ili aokolewe yule wa vitani, ilinibidi nikamwambie huyu wa Bukundi kwamba nilimdanganya, na hapo hapo nimwombe saini. Akikataa, alikuwa na haki yote ya kukataa, na mtoto wa mtu angebaki chini ya mabomu. Nilitafuta njia ya kuipata saini bila kusema ukweli. Naliandika hili kwa aibu. Kuanzia Sibiti mpaka tunauliza njia kwa wachunga ng'ombe, nilikuwa natunga hadithi za kumwambia, kwamba ni sensa, kwamba ni fomu ya mradi wa wanawake.

Tulifika kwake saa saba. Mji wao, kaya moja tu, ulikuwa umezungushiwa miiba, nyumba tatu za bati, zizi kubwa upande wa chini. Alikuwa anaanua mtama uliokuwa umeanikwa juu ya turubai, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa jinsi alivyoinua kichwa.

"Mwadila," nilisalimu.

Akanitazama muda, halafu uso wote ukafunguka. "Mwalimu! Mwalimu wangu!" Akaja akapiga goti kunisalimia, mtu mzima mwenye watoto wanne, na hapo hadithi zangu zote za sensa zikanitoka kichwani. Nilimwinua. Akaniletea kigoda na maziwa ya mgando kwenye bakuli, dereva akapewa yake kule kwenye gari. Hapo kijijini wanamwita mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Aliniambia hajasikia mtu akimwita jina lake tangu baba yake afariki.

Nikamwambia. Sikuanza na vita, nilianza na matokeo. Nilisema mwaka ule ulichaguliwa kwenda sekondari, mimi nikakwambia hukuchaguliwa, baba yako aliniomba na mimi nikakubali. Nikasema nafasi yako alikwenda nayo yule mliyekuwa mnakaa naye dawati moja, na jina lako, na mpaka leo analo, na sasa yuko kwenye nchi yenye vita na hawezi kutoka mpaka wewe useme huna pingamizi. Niliyasema yote kwa pumzi moja, karatasi nimeishika mkononi.

Alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Alitazama mtama, akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo nilifaulu?"

"Ulifaulu."

"Kwa ngapi?"

Nilikumbuka. Walimu tunakumbuka. "Ulikuwa wa kwanza kwa wasichana."

"Na huko sekondari nilifanyaje?"

Sikuelewa kwanza. Halafu nikaelewa kwamba anauliza habari za jina lake. Nikamwambia alifaulu kidato cha nne, akafaulu cha sita.

"Sasa ninasoma nini?"

"Udaktari. Mwaka wa nne."

"Daktari wa watu?"

"Wa watu."

Aliguna, mguno ule wetu wa kifuani usiotafsirika. Akaniomba nimwonyeshe picha. Nilikuwa nayo kwenye simu, binti amevaa koti jeupe, kitambulisho cha chuo kimening'inia shingoni. Alichukua simu, akakuza ile picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki kitambulisho peke yake, akasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisoma tena. Machozi yalikuwa yananitoka mimi, si yeye.

"Wanamfanya nini huko?" akauliza. "Yaani wanamtesa?"

"Wanapiga mabomu. Kesho asubuhi ndiyo basi la mwisho."

"Lete peni."

Niliandika barua kwa maneno machache, nikamsomea. Kusaini ikawa shida ndogo, maana kwenye kitambulisho chake cha kupigia kura alijiandikisha jina la mumewe na la mtoto. Akasema atasaini lile lake la shule, kwa kuwa hajalikana. Aliweka karatasi juu ya goti, akaiandika taratibu, mwandiko ule ule wa mviringo niliomfundisha, hata mkia wa herufi ya mwisho aliuvuta vile nilivyokuwa nawaambia wasivute. Nikapiga picha barua, nikampiga picha yeye ameishika.

Nilipokuwa naikunja karatasi alisimama, akageukia zizini ambako mumewe alikuwa anamnywesha ndama dawa, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa pili.

"Baba! Nilifaulu!"

Mwanamume akainua kichwa. "Nini?"

"Mtihani! Wa darasa la saba!"

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi mgeni. "Hongera," alisema, akarudi kwa ndama wake. Na yeye akacheka, akacheka mpaka akaketi chini kwenye turubai katikati ya mtama, mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia.

Nikapiga goti pale pale. Nilisema mwanangu, nisamehe. Niliyoyatunga miaka yote kichwani, kwamba angeolewa tu, kwamba baba yake angemficha, kwamba nafasi ingepotea bure, sikuyasema, na nashukuru kwamba angalau hilo niliweza kujizuia. Alifuta macho kwa kona ya kitenge.

"Mwalimu, subiri kwanza," alisema. "Leo niache nifurahi. Hasira nitaanza kesho."

Tulikwenda mbio mpaka Mwandoya ambako mtandao ulishika, nikatuma zile picha jua likiwa bado juu. Afisa akajibu kwa neno moja, zimefika. Ijumaa binti alipanda basi. Alikaa siku nne barabarani, alifika nyumbani amekonda, sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya kishindo cha bomu lililopiga bweni Jumatano usiku, usiku ule ambao asingekuwepo pale kama ningefungua mdomo Jumanne. Aliendelea na masomo chuo kingine. Yeye na mama yake walikuja Bariadi na kuku wawili kunishukuru. Binti alinikumbatia akasema mimi ni mama yake wa pili, na ilibidi nisogee upande wa kulia ili nimjibu asikie. Nilimwambia ukweli wa Jumanne na wa mwenye jina wiki ile ile. Akaniuliza njia ya kwenda Bukundi.

Ameshakwenda mara mbili. Mara ya pili alinipigia simu kutoka huko, wako wawili wanacheka, akasema mwenzake anauliza Mwalimu utakuja lini. Nikamwambia mvua zikikatika. Zimekatika, zimenyesha tena, pamba imevunwa. Ile kesho yake ya hasira ilishafika zamani, na mimi sijaenda kuipokea.